Deni la Kamari Halilipwi kwa Kamari

Somo kwa wazazi na kwa vijana wanaoanza maisha

Mshahara umeingia saa tatu asubuhi. Saa sita bado haijagonga, nao umekwisha. Mkopeshaji wa kwanza amekata chake moja kwa moja katika simu. Wa pili amepiga mara nne. Wa tatu ameshika kadi ya benki, naye amekwisha kufika kwenye mashine kabla ya mwenye mshahara. Jioni baba anarudi nyumbani mikono mitupu. Mama anauliza, "Mshahara vipi?" Anajibu, "Umechelewa mwezi huu." Kisha anatoka nje, anakaa gizani na simu yake, anakopa shilingi elfu kumi nyingine, anaziweka katika mpira wa usiku huo, maana amejiambia moyoni: nikishinda hii tu, nitalipa wote, kisha naacha.

Ndugu msomaji, mtu huyo huenda ni jirani yako. Huenda ni mwanao. Huenda ni wewe mwenyewe unayesoma maneno haya. Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini deni la kamari lina jambo moja baya zaidi ya madeni mengine: halikuleta hata harusi. Aliyekopa kwa ajili ya mbolea aliona shamba. Aliyekopa kwa ajili ya bati aliona paa. Huyu amekopa, na hakuna mtu nyumbani aliyeona kitu. Ndiyo sababu huona haya kulisema, na kwa kuwa halisemwi, hukua.

Leo hatutaki kumhukumu mtu. Twataka kujifunza mambo mawili: kwa nini deni hili hukua upesi hivi, na kwa njia gani laweza kulipwa likaisha.

I. Jinsi kamari na mkopo vilivyokutana mfukoni

Zamani mcheza kamari alikwenda mahali. Alitoka nyumbani, watu wakamwona, fedha zake zikamwishia, naye hakuwa na budi kurudi. Aliyetaka kukopa naye alikwenda mahali pengine, akaeleza haja yake mbele ya mtu mwenye macho. Safari hizo mbili zilimpa mtu nafasi ya kufikiri njiani, na mara nyingi njiani ndipo akili humrudia mtu.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Ilileta faida kubwa: mtoto aliye mjini aliweza kumtumia mama yake fedha kijijini kwa dakika moja. Baadaye mikopo nayo ikaingia katika simu. Nchini Kenya mkopo wa M-Shwari ulianza Novemba 2012. Huku Tanzania M-Pawa ilifuata mwaka 2014. Na baada ya hizo zimekuja programu nyingi za kukopesha, nyingine zenye leseni, nyingine hazina. Kampuni za kubashiri michezo nazo zikaanza kupokea na kulipa fedha kwa njia iyo hiyo ya simu.

Basi angalieni yaliyotokea. Sanduku la fedha, duka la kamari na mlango wa mkopeshaji, vyote vitatu vimekaa katika chombo kimoja kinacholala chini ya mto wa mtu. Zile safari mbili hazipo tena. Mtu aweza kukopa na kupoteza saa nane za usiku, bila hata kuvaa viatu.

Simu si mbaya, kama vile kisu cha jikoni si kibaya. Lakini hatari hii imeonekana hata kwenye nchi tajiri. Huko Uingereza watu wengi hununua vitu kwa kadi ya mkopo, yaani kadi ambayo benki humlipia mtu leo, naye huirudishia baadaye pamoja na riba. Tangu tarehe 14 Aprili 2020 kampuni za kamari za huko zimekatazwa kupokea malipo ya kadi hizo, isipokuwa kwa bahati nasibu fulani. Sababu yake yaeleweka na kila mtu: anayecheza kwa fedha zake hupoteza alicho nacho, bali anayecheza kwa fedha za mkopo hupoteza hata asicho nacho. Kwetu wenye kadi za namna hiyo ni wachache. Lakini simu imefanya kazi ile ile.

II. Kwa nini mchezo haulipi deni

Mwenye deni hujiambia kwamba mchezo ndio uliomtia shimoni, na mchezo ndio utakaomtoa. Na tupige hesabu pamoja naye.

Chukua shindano lenye njia mbili tu: huyu ashinde au yule ashinde. Tuseme wako sawa kwa nguvu, na kila upande umewekewa kiwango cha 1.90, ndicho vijana hukiita odi. Mtu mmoja ameweka shilingi 1,000 upande huu. Mwingine ameweka shilingi 1,000 upande ule. Mwenye duka amepokea 2,000. Atakayeshinda atapewa 1,900. Shilingi 100 imebaki dukani, naye mwenye duka hakuwa na haja ya kujua lolote juu ya mpira. Yaani katika kila shilingi 100 zilizoingia, tano ni zake, ashinde nani, ashindwe nani.

Sasa vijana wetu hawachezi mchezo mmoja. Huunganisha michezo kumi katika orodha moja, wakaiita mkeka, kwa kuwa malipo yake ni makubwa. Lakini mkeka wataka yote kumi yatokee. Moja likikosa, umechanika. Hata kama kila mchezo peke yake una nafasi 6 katika 10 ya kutokea alivyobashiri, yote kumi kwa pamoja hutokea kama mara 6 tu katika mikeka 1,000. Na zile shilingi tano za mwenye duka nazo hujirudia katika kila mchezo: 100 yabaki 95, 95 yabaki 90 na kitu, hata ukifika wa kumi imebaki kama 60. Maana yake, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zinazowekwa katika mikeka ya namna hiyo, 40 haziwarudii wachezaji kamwe.

Utasema: lakini fulani alishinda, nimemwona kwa macho. Ni kweli alishinda. Mvuvi naye hutia chambo cha kweli katika ndoana; kama chambo kingekuwa cha uongo, samaki asingekuja. Ushindi wa mtu mmoja hutangazwa mji mzima. Hasara za wengi hukaa kimya kila moja nyumbani kwake.

Na upande wa pili wa hesabu ni mkopo wenyewe. M-Shwari ilijulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Yaonekana ndogo. Lakini anayekopa, akalipa, akakopa tena vile vile kila mwezi, kwa mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya shilingi 90 kwa kila shilingi 100 alizoshika. Na huo si mkopo mkali. Iko mingine mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, nalo jina limeifaa.

Basi mcheza kwa mkopo anavuja pande mbili. Dukani anaacha sehemu yake, na kwa mkopeshaji anaacha sehemu nyingine. Mtungi wenye matundu mawili haujazwi kwa kuchota upesi zaidi. Wapaswa kuzibwa kwanza.

III. Ukweli hutangulia fedha

Dawa ya deni ni kulipa. Kila mtoto aijua methali hii. Lakini katika deni la kamari iko dawa inayotangulia, nayo ni kusema. Twasema hivi kwa sababu moja iliyo wazi: fedha za kulipia zitatoka katika nyumba, nayo nyumba haiwezi kulipa deni isilolijua.

Mwenye deni achague saa njema. Isiwe usiku wa manane, isiwe baada ya kunywa, isiwe mbele ya watoto. Kabla ya kusema na akae peke yake na karatasi, aandike kila deni: anamdai nani, kiasi gani, riba ngapi, lini yatakiwa. Afungue simu asome, asitegemee kumbukumbu, maana kumbukumbu ya mdeni hupunguza. Kisha amwite mwenzake.

"Mama watoto, nina neno la kukuambia. Mshahara haukuchelewa. Nimekuwa nikibeti. Deni lote ni hili hapa, nimeliandika."

Aseme lote. Hapo ndipo wengi hukosea: husema nusu, wakitumaini kuilipa nusu nyingine kwa siri. Mama husamehe, huuza kitenge chake na sufuria zake, nusu ile hulipwa. Baada ya miezi miwili nusu iliyofichwa hutokea kwa mdomo wa mkopeshaji. Tangu siku hiyo hata neno la kweli halisadikiwi tena. Ukweli wa nusu huumiza mara mbili.

Mke atakasirika. Ana haki ya kukasirika. Huenda atalia, huenda atanyamaza siku tatu. Mume asijitetee wala asimlaumu kwa lolote siku hizo. Lakini na afikiri pia amepata nini. Mkopeshaji aliyekuwa akimtisha, "Nitampigia mkeo," amenyang'anywa fimbo yake. Mkeo amekwisha kujua. Nguvu ya wakopeshaji wengi si mahakama. Nguvu yao ni aibu yako. Siku uliyosema nyumbani umewapunguzia nguvu nusu nzima.

Na hayo tuliyosema juu ya mume, mke naye ayashike akiwa yeye ndiye mdeni; kijana naye aliyemaliza ada ya chuo katika mikeka ayashike mbele ya wazazi wake.

IV. Kufunga mlango

Baada ya kusema, na afunge mlango siku iyo hiyo, asingoje Jumatatu.

Kwanza, afunge akaunti zake zote za kubashiri. Kampuni zenye leseni huwa na njia ya mchezaji kuomba afungiwe. Aiombe, tena mke akiwepo. Hapa Tanzania biashara hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, na asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Pili, afute programu za kubeti na za kukopa, na atoke katika makundi ya simu yanayotoa utabiri wa mechi. Asiyeweza kupita mbele ya kilabu bila kuingia, na apite njia nyingine.

Tatu, mshahara na upite mikononi mwa mwenzake kwa muda. Abaki na nauli na fedha ya chakula cha mchana, basi. Si adhabu ya mtoto. Ni kama mtu aliyevunjika mguu akipewa gongo: hatatembea nalo daima, lakini bila gongo hilo ataanguka tena.

Nne, asikope tena kwa ajili ya kulipa mkopo mwingine wenye riba ile ile au kubwa zaidi. Huko si kulipa. Ni kuhamisha deni toka chumba hiki hadi chumba kile, na kila linapohama hunenepa.

V. Hesabu ya nyumba moja

Na tuchukue mfano, ili maneno yasiwe matupu. Mfano huu tumeutunga sisi. Kila nyumba iweke tarakimu zake.

Baba na mama kwa pamoja hupata shilingi 700,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, chakula, shule, nauli na matibabu huchukua 480,000. Zabaki 220,000. Madeni yao ni manne: kwa mkopeshaji wa mtaani 300,000, naye atoza 20 kwa mia kila mwezi; katika programu ya simu 100,000, kwa 15 kwa mia kila mwezi; katika SACCOS 600,000, kwa moja na nusu kwa mia kila mwezi; na kwa shemeji 200,000, bila riba. Jumla ni 1,200,000.

Tazameni kwanza riba peke yake. Kwa mtaani 60,000, kwa simu 15,000, kwa SACCOS 9,000: jumla 84,000 kwa mwezi. Kama nyumba hii ikilipa riba tu mwaka mzima, itatoa 1,008,000, na mwisho wa mwaka deni litakuwa lile lile 1,200,000 bila kupungua hata shilingi.

Mtu mwema atasema: nitawagawia wote sawasawa, kila mmoja 55,000. Yaonekana ni haki, lakini ni kosa. Mkopeshaji wa mtaani anadai riba ya 60,000. Ukimpa 55,000, deni lake mwezi ujao litakuwa 305,000. Umelipa, nalo limekua! Ndiyo sababu wengi husema, "Nalipa kila mwezi wala sioni mwisho."

Njia iliyo bora ni hii. Deni lenye riba kubwa kuliko yote lipigwe kwanza kwa nguvu yote, na mengine yapewe kiasi cha kuyatuliza tu. Wamwendee shemeji, baba na mama wote wawili, wamwambie ukweli na kumwomba asubiri miezi miwili. Wauze kitu kimoja kisichokuwa cha lazima, tuseme ile simu ya thamani, wapate 120,000, nazo ziende moja kwa moja kwa mkopeshaji wa mtaani. Deni lake limeshuka toka 300,000 hadi 180,000.

Mwezi wa kwanza: SACCOS wapewe 29,000, yaani riba na sehemu ya mkopo, programu ya simu ipewe riba yake 15,000, zile 176,000 zilizobaki ziende mtaani. Deni la huko lilikuwa limefika 216,000 pamoja na riba. Sasa limebaki 40,000.

Mwezi wa pili: mtaani wanadai 48,000 pamoja na riba, na walipwe zote, waage. Simu inadai 115,000, na ilipwe zote, ifungwe. SACCOS wapewe 29,000 zao. Zabaki 28,000, ziwekwe kando kwa ajili ya ugonjwa au dharura, maana nyumba isiyo na akiba hata kidogo itarudi kukopa siku mtoto atakapopata homa.

Angalieni: kwa miezi miwili, madeni mawili yaliyokuwa yakinyonya damu yamekwisha. Tangu mwezi wa tatu SACCOS wapate 150,000 kila mwezi, shemeji 50,000, na akiba 20,000. Mwisho wa mwezi wa sita shemeji amemaliziwa chake, na SACCOS nao wamemaliziwa. Nyumba imelipa 1,200,000 pamoja na riba zake, na ina akiba kidogo mkononi.

Iko nyumba ambayo haibakizi 220,000, wala hata nusu yake. Kwao safari itakuwa ndefu, pengine mwaka, pengine miaka. Lakini utaratibu ni ule ule, na haba na haba hujaza kibaba. Wasiokuwa na kitu kabisa wawaendee wadai kabla ya siku ya malipo, si baada yake, wakaombe riba isimame na malipo yagawanywe. SACCOS na benki husikiliza mapatano zaidi zinapoendewa mapema. Mapatano yoyote yaandikwe. Kila malipo yapewe stakabadhi. Na siku ya kumaliza, aliyetoa kadi yake ya benki na namba ya siri airudishe kadi hiyo mkononi mwake na kubadili namba palepale.

Msisahau jambo moja. Shilingi 5,000 kwa siku kwa ajili ya mkeka mmoja tu ni 150,000 kwa mwezi. Akirudia, mpango wote huu umekufa. Ndiyo maana tumesema mlango ufungwe kabla ya hesabu.

VI. Juu ya vitisho

Wako wakopeshaji wanaotuma habari za mdeni kwa watu wote walioandikwa katika simu yake: kwa bosi, kwa mkwe, kwa majirani. Mdeni ana wajibu wa kulipa alichokopa. Lakini hakuna deni linalompa mtu ruhusa ya kumvunjia mwenzake heshima. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, na ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Basi anayetishwa atunze ujumbe aliotumiwa, aulize kama mkopeshaji huyo ana leseni, na apeleke malalamiko kwa wenye mamlaka. Asikimbilie mkopo mwingine kwa hofu.

VII. Neno kwa jamaa

Ninyi wazazi, kaka na dada, mnaowapenda hawa wadeni, sikieni neno gumu. Msilipe deni lote kwa mkupuo mmoja na kwa siri. Mama ameuza ng'ombe, amemlipia mwanawe kila kitu, na baada ya miezi mitatu mwana ana deni jipya. Kwa nini? Kwa sababu alijifunza kwamba hata akipoteza, yuko wa kulipa. Saidieni, lakini kwa njia hii: mnunulieni watoto wake chakula, mlipeni mwenye nyumba kodi kwa mkono wenu wenyewe, kaeni naye juu ya karatasi yake ya madeni. Fedha taslimu msimpe.

Huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1957 kilianzishwa chama cha wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, kiitwacho Gamblers Anonymous. Desturi yao ni kukaa na mwenye deni pamoja na mwenzake wa ndoa, kuandika madeni yote, na kupanga malipo madogo madogo ya muda mrefu kutoka katika jasho lake mwenyewe. Wamejifunza kwa maisha yao kwamba malipo ya polepole humponya mtu, na malipo ya ghafla humrudisha mchezoni.

Tena jueni kwamba kwa wengine kamari imekuwa ugonjwa hasa. Shirika la Afya Duniani limeuandika katika orodha yake ya magonjwa. Katekisimu ya Kanisa nayo, katika namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Yaonya kwamba huwa mbaya unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wenziwe, na kwamba tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa. Mtumwa hahitaji kutukanwa, ahitaji kufunguliwa. Asiyeweza kuacha kwa nguvu zake apelekwe kwa daktari au mshauri hospitalini.

Na akisema, hata kwa utani, "Heri nife, deni liishe," msicheke. Deni haliishi kwa kifo. Huwaachia wajane na mayatima mzigo. Mtu huyo asiachwe peke yake usiku huo. Kaeni naye, na asubuhi mpelekeni hospitali. Deni la milioni moja, hata la milioni kumi, lina mwisho katika daftari. Mtu hana wa kumbadili.

Kumalizia

Turudi kwa yule baba tuliyemwacha gizani nje na simu yake. Shilingi elfu kumi anayotaka kuiweka usiku huu haitamtoa. Lakini hatua zipatazo kumi zilizo kati ya mahali alipokaa na mlango wa nyumba yake zaweza kumtoa. Na aizime simu, aingie ndani, aseme. Usiku huo utakuwa mgumu kuliko usiku wowote aliopoteza mkeka. Lakini utakuwa usiku wa kwanza ambao deni lake halikukua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, katika nyumba yetu kila mmoja ajua mwenzake anadaiwa nini na nani?
2. Madeni yetu yakiandikwa leo, lipi lina riba kubwa kuliko yote, nalo lapata malipo gani kila mwezi?
3. Mtoto wetu akitaka kukiri kosa la fedha, je, atatuona tu watu wa kuambiwa, au wa kuogopwa?
4. Tuliwahi kumlipia jamaa deni la kamari? Lilimsaidia kuacha, au kuendelea?